Wauza spea za redio za valvu Mombasa, acheni kufuta namba!

Jamani, hili limenifika shingoni na leo nalisema. Kuna wauzaji wa spea hapa mjini wanaofuta maandishi kwenye valvu kuukuu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya redio za zamani, halafu ukiuliza ni namba gani unajibiwa "ndiyo hiyo hiyo, we funga tu." Nifunge tu vipi? Ndani ya redio hizi mnapita volti 250 na zaidi. Mtu anaweza kufa.

Ya juzi ndiyo yaliyonitibua. Mzee mmoja wa Kibokoni kaniletea redio yake ya mezani, ya tangu enzi za Sauti ya Mvita, ile stesheni ya zamani ya hapa Mombasa. Valvu ya kutoa sauti, EL84, ilikuwa imekufa: lile doa la fedha kichwani limegeuka jeupe, maana yake hewa imeshaingia. Mwanawe akaenda mjini kununua nyingine. Akarudi na valvu ya pini tisa, umbo lile lile, kioo kimesuguliwa hadi kinameta, na mwenye duka kamwapia kuwa ni EL84.

Kabla ya kuichomeka nikaweka mita kwenye pini ya 4 na ya 5. Filamenti ya EL84, yaani waya wa ndani unaowaka, ikiwa baridi husoma karibu omu moja. Hii ikasoma makumi ya omu! Hiyo si EL84 hata mtu ashike msahafu. Hiyo ni ya jamii ya U, na kwa nilivyoitazama ndani ni UL84, ambayo filamenti yake inataka volti 45. Ukiiweka penye volti 6.3 haiwaki ng'o. Kijana akairudisha, akaambiwa mali ikishatoka dukani hairudi. Pesa za mzee zikaliwa hivyo hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba namba ile ilikuwa inasema kila kitu. Herufi ya kwanza ni ya filamenti: E ni volti 6.3, U ni miliampea 100 kwa zile zinazofungwa kwa mfuatano, P ni miliampea 300, D ni volti 1.4 za redio za betri. Herufi inayofuata ni ya kazi: L valvu ya sauti, Z rektifaya ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, M lile jicho la kijani la kuonyesha stesheni imeshika. Tarakimu zinazofuata herufi zikianza na 8, kitako ni cha pini tisa. Ukishafuta hayo, umemwachia fundi kipande cha kioo.

Msiniambie yamefutika yenyewe. Najua ile rangi ya juu ni dhaifu, kitambaa chenye maji kinaiondoa. Lakini valvu nyingi za Philips na Mullard zina alama nyingine ya kiwanda, ndogo ya kijivu, chini kabisa karibu na pini. Mstari wake wa pili ukianza na B, imetoka Blackburn, Uingereza. Hiyo haitoki kirahisi. Kwenye valvu niliyoletewa, mahali pale pale pamepigwa msasa. Msasa haupiti hapo kwa bahati mbaya. Huo ni wizi.

Na nyinyi mafundi wenzangu, hamjasalimika. Katika redio hiyo hiyo kuna fundi aliyetangulia kubadilisha kapasita inayopeleka sauti, lakini huzuia volti, kwenye gridi ya EL84, yaani mlango wa sauti, pini ya 2. Kaweka kitu cheusi, hakina mikrofaradi, hakina volti, hakina chochote. Soketi ikiwa tupu, pini ya 2 haitakiwi kuwa na volti. Nikapima, zipo! Kapasita inavuja. Valvu nzima ingewekwa hapo ingevuta umeme kupita kiasi hadi sahani yake, lile bati la ndani, iwe nyekundu, na ikienda, inakwenda na transfoma ya spika. Hiyo utaitafuta kuanzia Mwembe Tayari hadi Makupa.

Ulipoifunga ulikuwa unajua ni ya ngapi. Ungeandika kwa penseli kwenye ubao wa nyuma, thamani na volti zake, ungepungukiwa na nini? Penseli haichuruziki hata kwa huu unyevu wetu wa bahari. Na kama wewe mwenyewe hukujua, mbona uliifunga kwenye redio ya mtu?

Muuzaji usiyejua namba, sema hujui, na uuze kwa bei ya kitu kisichojulikana. Sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na anayefuta, akaapa, kisha akakataa kurudisha pesa.

Wanunuzi, nendeni na mita dukani. Pini ya 4 na ya 5, hapo hapo kaunta, kabla ya kutoa hata shilingi. Kipimo hicho peke yake hakithibitishi kuwa ni EL84, lakini kinaukamata uongo wa aina hii papo hapo. Akikukatalia kupima, ondoka na pesa zako, na uje utuambie hapa ni mtaa gani.