Riwaya za ukoo, vizazi na vizazi: The Son, Centennial au Ballantyne? Naomba ushauri kabla sijalipia

Msafiri wa Mlimba
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumnunulia mzee wangu riwaya ndefu ya ukoo mmoja, kuanzia babu hadi vitukuu, katika nchi ambayo walowezi ndiyo kwanza wanaingia. Nimebakiwa na tatu: The Son ya Philipp Meyer (Texas), Centennial ya James Michener (Colorado), na zile nne za Wilbur Smith za ukoo wa Ballantyne (Rhodesia, sasa Zimbabwe). Muuza vitabu anataka jibu kesho kutwa. Nichukue ipi?

Bibi Kurasa
Mwanangu, umeuliza nusu swali. Mzee ana umri gani? Kiingereza chake kikoje? Anasoma karatasi au kwenye simu? Aliwahi kupenda kitabu gani? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia kitabu cha moyo wake.

Kauboi wa Kondoa
The Son, usihangaike. Eli McCullough anazaliwa 1836, mwaka Texas ilipojitangazia uhuru kutoka Mexico. Mwaka 1849 Wacomanche, wenyeji wa asili wa huko, wanavamia kwao na kumchukua, anakua kama mtu wao. Mwanawe Peter anaandika shajara kuanzia 1915, baada yake yupo kitukuu wa Eli, Jeanne, tajiri wa mafuta. Sura zinapokezana kati ya hao watatu. Kwanza ng'ombe, halafu mafuta, na katikati kuna jirani zao wa Kimexico, akina Garcia, wanaouawa na ardhi yao inaishia mikononi mwa akina McCullough. Peter anaishi na jambo hilo mpaka mwisho. Sijasoma kitabu kingine kinachoonyesha hivyo mtoto anavyorithi shamba pamoja na dhambi ya baba.

Mama Tatu
Kuna tamthilia yake pia, Pierce Brosnan ndiye Eli. Si afadhali mzee aangalie tu?

Kauboi wa Kondoa
Dada, kaomba kitabu.

Fundi Saa
Kuhusu Ballantyne, sikiliza yaliyonikuta. Niliagiza seti ya vitabu vinne kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikalipa yote kabla. Ukafika mzigo: cha kwanza, cha pili na cha nne. Cha tatu hakipo. Nikapiga simu, naambiwa kinakuja wiki ijayo, ikaja wiki, ukaja mwezi, simu ikawa haipokelewi. Nikavumilia mpaka nikashindwa, nikafungua cha nne. Kurasa za mwanzo mwanzo namkuta mhusika mkuu, Craig Mellow, ana mguu wa bandia, na wote humo wanaongea kana kwamba ninajua ulivyokatika! Cha tatu, The Angels Weep, nilikipata mwaka mmoja baadaye kwa muuza mitumba. Nasoma sehemu ya vita vya miaka ya 1970, kila Craig anapotoka naingoja bomu la kumkata mguu. Raha yote iliisha. Kwa hiyo ukichukua Ballantyne, hesabu vitabu mkononi kabla hujatoa hata shilingi.

Nyikani
Mimi nina shida na hizo za Wilbur Smith zenyewe. Zinasisimua, sikatai. Lakini mwaka 1888 Lobengula, mfalme wa Wandebele wa huko, alitia alama yake kwenye mkataba wa madini wa Rudd akiwa ameelezwa jingine na kuandikiwa jingine, na 1893 nchi ikatwaliwa kwa bunduki za rasharasha za Maxim. Ukisoma kwa jicho la Ballantyne unajikuta unawashangilia wenye Maxim. Mpe mzee Kintu ya Jennifer Makumbi. Inaanzia 1750 huko Buddu, Uganda: kofi moja linamuua kijana, baba yake mzazi anatoa laana, nayo inawafuata wazao mpaka Kampala ya 2004.

Kauboi wa Kondoa
Kintu ni nzuri lakini si ya walowezi. Mleta uzi katafuta nchi ya mpakani.

Nyikani
Buddu ni nini basi? Buganda ililitwaa jimbo hilo karne ile ile ya 18. Mpaka hauanzi siku Mzungu anaposhuka kwenye gari la ng'ombe.

Hakimu Mstaafu
Hapo kwenye ardhi ndipo penye utamu. Marekani, sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akiishi na kulima miaka mitano. Kenya, sheria ya 1902 iliwapa walowezi ukodishaji wa miaka 99, ikafika 1915 ikawa 999. Ni zaidi ya vizazi thelathini! Mtu anayeandika riwaya ya ukoo wa walowezi bila kumweka humo aliyehamishwa ameandika nusu ya ukoo.

Mama Tatu
Mzee, shikamoo. Kwani hizo 999 zilifutwa lini?

Hakimu Mstaafu
Marahaba mama. Katiba ya Kenya ya 2010 iliziteremsha zikawa 99 kwa asiye raia. Lakini tusimpoteze kijana.

Msafiri wa Mlimba
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Mzee ana miaka 71, aliendesha treni TAZARA, Kiingereza anasoma vizuri. Anataka karatasi. Sikusema kwamba mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kwamba jioni mwanangu ndiye humsomea anapochoka.

Bibi Kurasa
Ona sasa! Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kusema. Centennial ina kurasa zaidi ya 900, na inaanza na miamba, inakuja dinosaria, ndipo wafike watu. Mimi niliipenda mno, nilihisi naona Colorado ikiumbwa. Lakini mtoto akiisoma kwa sauti atasinzia kabla ya kufika kwa Waarapaho, wenyeji wa kwanza wa kitabu hicho. Anasoma darasa la ngapi?

Msafiri wa Mlimba
La sita.

Fundi Saa
Basi The Son hapana. Mateso ya kule kwa Wacomanche si ya mtoto.

Kauboi wa Kondoa
Zile sura mzee ajisomee mwenyewe.

Mwendapole
Hakuna aliyetaja akina Sackett wa Louis L'Amour? Ni vitabu 17, vyembamba, kila kimoja kinajitegemea. Anza na Sackett's Land, Uingereza ya miaka ya 1600.

Fundi Saa
Aanze na The Daybreakers ya 1960, ndiyo iliyotoka kwanza.

Mwendapole
Ukoo unasomwa kuanzia kwa babu, ndugu yangu.

Bibi Kurasa
Msafiri, mwambie muuzaji akupigie picha ukurasa mmoja wa katikati wa kila kitabu, aweke na rula pembeni. Tuone herufi kwanza.