Naomba ushauri: nawekaje mwonekano wa isometriki uliokatwa kwenye mchoro wa kiufundi?

KalamuYaRisasi

Habari zenu wakuu.

Nachora kasha la vali kwa FreeCAD, programu ya kuchora modeli za 3D. Kwa nje ni kama tofali tu, ila ndani kuna matundu mawili yanayokutana kwa pembemraba, na moja lina vipenyo viwili tofauti. Nimeshaweka mwonekano wa mbele, wa juu na mkato A–A, yaani mwonekano wa kasha likiwa limepasuliwa kwenye mstari wa A hadi A. Mimi nauelewa. Fundi wa mashine aliyepewa mchoro aliuangalia muda mrefu, kisha akaniuliza tundu la pili linaingilia wapi. Nikaona nimsaidie kwa isometriki pembeni (mwonekano wa pembe unaoonyesha pande tatu kwa pamoja), kasha likiwa limeondolewa robo ili ndani kuonekane.

Kwanza nilijaribu kuugeuza mkato A–A ukae kwa pembe, ukakataa. Halafu nikakata modeli yenyewe. Isometriki ikatoka safi kabisa, lakini mwonekano wa mbele na wa juu nao ukakosa robo, vipimo vitatu vikapotea, na uzito niliouandika kwenye karatasi ukawa si wa kweli. Nimerudisha kila kitu kilivyokuwa.

Kuna njia isiyoharibu modeli? Na mistari mishazari kwenye nyuso zilizokatwa niilaze kwa nyuzi ngapi? Nikiweka 45 inaonekana kama imebandikwa juu, haikai kwenye uso.

Modeli_Kwanza

Karibu mkuu. Mkato wa kawaida hukataa kugeuka kwa sababu kazi yake ni kuutazama uso uliokatwa moja kwa moja, uso kwa uso. Kwa hiyo usihangaike nao. Na hiyo ya kukata modeli halisi naomba usiirudie, maana siku utakayosahau kurudisha, kitu kitatengenezwa kikiwa pungufu.

Fanya hivi. Nenda kwenye benchi la Part (sehemu ya FreeCAD ya kuunda maumbo), tengeneza mchemraba unaotosha kumeza robo ya kasha. Tuseme mhimili wa tundu kuu umesimama wima pale kwenye sifuri ya X na Y. Ukibonyeza 0 kwenye kibodi, FreeCAD hukuonyesha modeli kutoka upande wa X chanya na Y hasi, kwa juu kidogo. Basi robo ya kuondoa ni hiyohiyo inayokutazama. Mchemraba wa milimita 100 uweke X ikiwa 0 na Y ikiwa -100, halafu Z ishushe mpaka ipite chini ya kasha, na urefu wa kwenda juu uwe wa kulipita kasha lote. Chagua kasha kwanza, mchemraba wa pili, kisha Cut. Ukibadili mpangilio huo utabaki na mchemraba uliotobolewa badala ya kasha.

Sasa una vitu viwili: kasha zima na hilo lililokatwa. Mionekano yako ya mbele na juu iendelee kusoma kasha zima. Kwa isometriki, chagua lililokatwa, bonyeza 0, kisha ingiza mwonekano mpya kwenye TechDraw, benchi la FreeCAD la kupanga karatasi ya mchoro; utafuata jinsi unavyotazama wakati huo. Ukibadilisha kipenyo cha tundu kesho, vyote viwili vitabadilika pamoja, kwa sababu lililokatwa linazaliwa na lile zima.

chuma_na_karatasi

Kwa wanaotumia SolidWorks: weka mkato wa kawaida, bofya kulia juu yake, chagua Isometric Section View. Hilo ni kwa mkato mzima. Ukitaka robo, tengeneza usanidi mwingine wa modeli wenye kipande kilichoondolewa, na kwenye usanidi mkuu kizime. Wa AutoCAD nakilini umbo, toeni robo kwa SUBTRACT, mgeuze mtazamo, kisha FLATSHOT italilaza liwe mchoro bapa.

Nyuzi60

Nijibu la mistari, kwa sababu hapo ndipo michoro mingi huharibika.

Jicho lako halijakudanganya. Kwenye isometriki uso uliosimama umelala kwa pembe, hivyo mstari ambao kwenye uso halisi una nyuzi 45, ukifika karatasini hauwi 45 tena. Chora mraba wa isometriki kwenye uso huo na uvute milalo yake miwili, yaani mistari ya kutoka kona hadi kona. Mmoja utatoka kwa nyuzi 60 kutoka usawa, mwingine kwa nyuzi 30. Huo wa 30 uache, kwa sababu unalingana na kingo za kasha zinazokwenda upande wa pili na msomaji atadhani ni ukingo. Tumia 60.

Wewe una nyuso mbili zinazokutana kwenye mhimili. Wa kushoto uwe 60, wa kulia 120, ili mistari ikutane katikati kama paa la nyumba. Ukiwaza kwamba unazikunja nyuso hizo kama kitabu, mistari inatakiwa ilaliane. Ruwaza ya mistari mishazari iitwayo ANSI31 tayari ina nyuzi 45, kwa hiyo zungusha 15 kwa uso wa kushoto na 75 kwa wa kulia. Uso wa mkato wa mlalo, kama ungekuwepo, ungechorwa mistari ya usawa.

Na mistari hii iweke mwisho kabisa. Modeli ikibadilika, FreeCAD huweza kuzipa nyuso namba mpya, na mistari ikahamia mahali isipostahili.

KalamuYaRisasi

Wakuu, nimefanya na imekubali! Ile 60 na 120 imebadilisha kila kitu, sasa ndani panaonekana pana kina. Mchemraba niliuweka upande usio sahihi mara ya kwanza, nikarudia.

Maswali mawili ya mwisho. Nikiongeza shafti na bolti zake, nazo nizikate? Na vipimo naweza kuweka kwenye isometriki?

Modeli_Kwanza

Shafti, bolti, nati na mbavu hazikatwi kwa urefu wake. ISO 128, kiwango cha kimataifa cha michoro ya kiufundi, inasema hivyo, na hata bila kiwango, shafti nzima ikisimama katikati ya kasha lililofunguliwa inasomeka haraka zaidi. Kwa hiyo Cut uifanye kwa kasha peke yake, shafti ubaki nayo nzima, kisha uchague vyote viwili unapoingiza mwonekano. Sehemu mbili zilizokatwa zikigusana, mistari mishazari yake ielekee pande tofauti au iachane kwa nafasi tofauti.

Vipimo viache kwenye mionekano ya kawaida. Isometriki halisi hufupisha kila mhimili hadi takriban 0.816, hivyo ukingo wa milimita 100 ukipimwa karatasini unasoma 81.6. Fundi akiuchukulia kuwa kweli, chuma kimeshapotea.

KalamuYaRisasi

Nimeelewa. Nafuta vile viwili nilivyokuwa nimeshaviweka, kisha nampelekea fundi karatasi mpya. Asanteni sana.