Laki sita zimeliwa, na ukitafuta ng'ombe wa Boma Ng'ombe unaambiwa hakuna kitu

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, anayetaka muhtasari apite tu, hakuna muhtasari. Wasimamizi naomba msiufute, sitaji jina la mtu wala la kampuni. Naeleza yaliyonipata.

Niko Moshi, Majengo. Nina tovuti ndogo ya matangazo ya mifugo na mazao. Mtu wa Machame ana mtamba anauza, anaweka picha, bei na namba ya simu. Mtu wa Himo anatafuta, anapiga, wanamalizana wenyewe. Matangazo yamefika kama elfu arobaini. Mwanzoni utafutaji ulikuwa wa MySQL mtupu (databesi inayotunza matangazo), ile amri ya LIKE yenye alama ya asilimia mbele na nyuma, na aliyewahi kuitumia anajua inakoishia. Asilimia ikikaa mbele ya neno, databesi haina namna ya kutumia faharasa yake (orodha yake ya kutafutia haraka), inapitia tangazo moja moja kuanzia la kwanza. Watu kumi wakitafuta kwa mpigo, seva inahema kama Fuso lenye simenti kwenye mlima wa Marangu.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Arusha. Ofisi ina kiyoyozi, kadi zina maandishi ya dhahabu. Tukakubaliana laki sita, nusu kabla na nusu baada. Nikamweleza wazi: seva yangu ni ya kukodi, Ubuntu 22.04, RAM GB 2, na humo humo ndani kuna MySQL na PHP, lugha iliyoandikiwa tovuti, vinaishi. Akaniambia, "Mkuu, hiyo kazi ya jioni moja." Na kweli aliimaliza jioni moja. Nikatuma nusu ya pili usiku ule ule, bwege mimi.

Alichofunga ni Elasticsearch, programu ya kutafuta maneno ndani ya data. Sina ugomvi na programu yenyewe, naomba tuelewane hapo. Ni kitu kikubwa, kimejengwa juu ya Lucene, maktaba ya utafutaji, kinafanya kazi kwenye mitambo mikubwa dunia nzima. Ila kinaendeshwa na Java, na Java inataka kutengewa kumbukumbu yake (RAM) mapema. Mwongozo wao unasema usiipe zaidi ya nusu ya RAM ya mashine, kwa sababu nusu nyingine inahitajika na Linux kuhifadhi mafaili yanayosomwa mara kwa mara. Huyu bwana kwenye seva ya GB 2 aliipa Java GB moja na nusu. MySQL ikale wapi?

Siku ya nne, saa saba mchana, utafutaji ukafa. Nikampigia, akasema "nairudisha", ikarudi. Siku ya saba ikafa tena. Mara ya tatu nikaingia mwenyewe kwenye seva nikasoma kumbukumbu za karneli, yaani daftari la matukio la kiini cha Linux, na maiti ilikuwa pale pale: Linux imeishiwa RAM, imetafuta aliyenenepa kuliko wote ikamuua, na aliyenenepa ni java. Nilipompigia kumwambia, unajua alinijibu nini? "Ongeza RAM, mkuu." Yaani nilipie kila mwezi kosa la namba moja aliyoiandika yeye.

Sasa sikilizeni namna alivyoifunga. Njia ya kawaida kwenye Ubuntu ni kuweka pakiti ya deb (kifurushi cha programu cha Ubuntu), systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inaisimamia, na ukishaiagiza mara moja, seva ikizimwa na kuwashwa inaamka yenyewe. Yeye alipakua faili la tar, akalifungua kwenye folda ya mtumiaji aliyemwita "test", akaiwasha kwa mkono ndani ya screen (dirisha la amri linalobaki wazi ukiondoka), akaondoka. Test! Kwa hiyo siku wenye seva walipoizima usiku kwa matengenezo yao, asubuhi kila kitu kilirudi isipokuwa utafutaji. Nikajaribu kuiwasha mimi, ikagoma: inadai namba ya mipangilio ya Linux iitwayo vm.max_map_count iwe angalau 262144, iliyopo ni 65530. Namba hiyo alikuwa ameibadilisha kwa amri ya papo kwa papo bila kuiandika kwenye faili lolote, kwa hiyo seva ilipozimwa nayo ikafutika. Ukiweka deb, namba hiyo inapangwa bila wewe hata kujua kwamba ipo. Mtu anakwepa njia rahisi ili afanye ngumu, halafu anaifanya nusu!

Hayo ningeyasamehe. Haya yanayofuata siyasamehei.

Nilikuwa kwenye Hiace natokea Himo, nina simu tu, nikajisemea hebu nijaribu. Nikaandika anwani ya seva yangu, nukta mbili, 9200, yaani poti (mlango) ya Elasticsearch. Ikafunguka. Jina la nodi, toleo, na ile kaulimbiu yao ya Kiingereza chini kabisa. Haikuniuliza paswedi, haikuniuliza mimi ni nani. Nikaongeza maneno mawili kwenye anwani, matangazo yakamwagika, na namba za simu za wauzaji, hata za waliotuomba tuzifiche. Jasho lilinitoka, konda akaniuliza kama naumwa.

Wakuu, kuanzia toleo la 8 Elasticsearch inakuja na ulinzi umeshawashwa. Ukiiwasha mara ya kwanza inakutengenezea paswedi na cheti yenyewe. Na network.host, mpangilio unaosema isikilize wapi, bila kuguswa ni ndani ya mashine yake tu. Kwa hiyo mlango huu haukusahaulika wazi. Mtu alikaa kwenye kiti akaandika kwenye faili la mipangilio kwamba ulinzi uzimwe, kisha akaandika network.host iwe 0.0.0.0, maana yake isikilize dunia nzima. Na ukuta wa moto wa Ubuntu, ufw, hata haukuwashwa. Mwaka 2020 kulikuwa na wahuni waliozunguka intaneti wakitafuta poti kama hizi, wanafuta data yote na kuacha neno "meow". Hawakudai hela, walifuta tu. Mimi sijafutwa, lakini sijui nani kashapita akachota. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na mwenye tovuti ni mimi, si fundi.

Nilipomuuliza kwa nini alizima ulinzi, jibu: "PHP yako ilikuwa inasumbua kwenye cheti." Sawa. Mlango ukikwama tunaung'oa.

Halafu sasa tuje kwenye ng'ombe.

Tovuti ya mifugo, Kilimanjaro, neno linalotafutwa kuliko yote ni ng'ombe. Na mji ambao wateja wangu wengi wanatoka ni Boma Ng'ombe pale Hai. Ukiandika ngombe bila kile kidoti cha juu, unapata sifuri. Ukiandika kwa simu ambayo inakigeuza kile kidoti kuwa cha kupinda, unapata sifuri. Ukiandika Bomang'ombe kwa pamoja, kama nusu ya watu wanavyoandika, sifuri. Kwa kompyuta hayo ni maneno tofauti kabisa, na hakuna aliyeiambia vinginevyo. Nilimwonyesha. Akacheka, akasema, "Watu wajifunze kuandika vizuri, kaka." Mama wa Kibosho anauza ndama wake kwa simu ya kupangusa yenye kioo kilichopasuka, ajifunze kuandika vizuri!

Nikafungua mipangilio ya faharasa, nikakuta kichambuzi cha maneno kimewekwa "english". Elasticsearch ina vichambuzi vya lugha nyingi, mpaka Kibasque na Kigalisia vimo, Kiswahili hakimo. Sawa, hilo si kosa lake. Lakini kuweka cha Kiingereza ni kumpeleka mgonjwa wa jino kwa fundi viatu. Kichambuzi cha Kiingereza kazi yake ni kukata mikia ya maneno, kwa sababu Kiingereza kinageukia mkiani. Kiswahili kinaanza kugeukia kichwani: shamba, mashamba, kifaranga, vifaranga, nauza, anauza, tunauza, inauzwa. Mtu akiandika "mashamba" hapati tangazo lililoandikwa "shamba linauzwa". Mteja anaona sifuri, anadhani hakuna shamba linalouzwa Kilimanjaro nzima, anafunga simu.

Na kuna mzee wa Machame. Huyu alinipigia mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Kijana wangu, yule ng'ombe nilishamuuza tangu Machi. Mbona wanazidi kunipigia? Jana kanipigia mtu saa tano usiku." Nikaangalia: kwenye databesi tangazo limefungwa, kwenye seva ya utafutaji lipo, linang'aa. Fundi alijaza faharasa mara moja, siku ile ya kwanza, kwa skripti, basi. Hakuna kitu kinachoipelekea habari mpya. Matangazo ya miezi miwili yote hayatafutiki, na ng'ombe waliochinjwa zamani bado wanauzwa. Nilimwomba mzee radhi mpaka nikaishiwa maneno.

Nimeshang'oa kila kitu. Kwa seva ndogo kama yangu nimeweka Manticore, programu nyingine ya utafutaji, ambayo ilichipuka kutoka Sphinx mwaka 2017. Imeandikwa kwa C++, haina habari za Java, na unaongea nayo kwa lugha ile ile ya MySQL kupitia poti 9306. Nimeibana isikilize 127.0.0.1 peke yake, yaani ndani ya mashine tu, ufw nimeiwasha, na imewekwa kwa deb kama binadamu.

Kwa wenye shida kama yangu, kilichotibu ng'ombe ni mstari mmoja wa mipangilio: ignore_chars, ukaweka U+0027 na U+2019, yaani kidoti kilichonyooka na kilichopinda. Vyote viwili vinamezwa, ng'ombe na ngombe vinakuwa neno moja. Bila hivyo hata hii ingenitesa, maana yenyewe ikikutana na kidoti inalikata neno kuwa "ng" na "ombe". Kisha min_infix_len, urefu mdogo kabisa wa kipande cha neno kinachotafutika, nimeweka 3, ili anayetafuta *uza* apate nauza na tunauza. Ya shamba na mashamba nimeandika kwenye faili la wordforms kwa mkono, mstari mmoja mmoja, mashamba > shamba, vifaranga > kifaranga, mitamba > mtamba, na "boma ngombe" nikaielekeza kwa bomangombe. Maneno kama mia tatu. Yamenichukua usiku wa kuamkia Jumapili na chupa mbili za chai.

Faharasa kubwa inajengwa saa tisa usiku. Ndogo, ya matangazo mapya tu, inajengwa kila dakika tano kwa kron, ratiba ya kazi ya Linux. Usisahau --rotate kwenye amri ya indexer, ile inayojenga faharasa, la sivyo itakuambia faharasa imefungwa na utabaki unashangaa. Na ng'ombe akiuzwa, PHP inatuma UPDATE moja kubadili alama ya "imeuzwa", anatoweka hapo hapo bila kusubiri usiku.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimesoma maoni. Anayeniuliza kwa nini sikutumia FULLTEXT, faharasa ya maneno ya MySQL yenyewe, ingenisaidia kwenye kasi, ila kwenye kidoti na mashamba ningebaki pale pale. Anayesema "cha bei rahisi ni ghali", mkuu, laki sita kwako ni rahisi? Kwangu ni mtamba mdogo. Na aliyesema nilipaswa kukagua kabla ya kutuma nusu ya pili, hilo sina jibu, umenipata.

NYONGEZA ya pili: Fundi kauona uzi, kanitumia ujumbe. Anasema nimemchafua, na kwamba kama nataka aje kurekebisha nimtumie nauli ya Arusha kuja Moshi. Kilomita themanini. Sijamjibu. Jumatatu asubuhi napanda Hiace naenda mimi, na kwenye begi nimeweka karatasi tano: kumbukumbu za karneli, faili lake la mipangilio, na picha ya 9200 ikiwa wazi. Nataka nusu yangu ya pili, laki tatu, mkononi.

Mzee wa Machame kanipigia jioni hii. Anasema leo simu haijaita hata mara moja, anauliza kama mtandao upo.