Baba ana saratani ya tezi dume, sasa nyonga inamuuma na hataki kusema

BintiMbagala

Wakuu, habari za usiku. Naombeni mawazo ya waliowahi kuuguza mzee mwenye saratani ya tezi dume, na kama kuna nesi au daktari humu tafadhali asipite kimya.

Baba yangu ana miaka 76. Alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na hajawahi kuwa mtu wa kulala mchana. Ugonjwa uligundulika mwaka juzi, mkojo ulipoziba kabisa usiku tukamkimbiza hospitali, akawekewa mpira wa kutolea mkojo. Tangu hapo anachomwa sindano ya homoni kila baada ya miezi 3. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilishuka vizuri, mpira ukatolewa, akarudi kwenye bao lake chini ya mwembe wa jirani. Tukamshukuru Mungu.

Sasa kuna kitu kimeanza tangu baada ya Idi ya kuchinja. Sijaambiwa na mtu, nimekiona mwenyewe. Baba anaswali ameketi kwenye kiti. Nilipomuuliza akasema goti. Lakini mwenye goti hainuki hivi: anashika mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto, anasimama kwanza, anameza mate, ndipo mguu wa kulia unafuata. Akikaa analalia tako la kushoto, upande wa kulia hauegemezi kabisa. Bao anacheza mchezo mmoja anampisha mwenzake, na huyu ni mtu aliyekuwa anaitwa kula mpaka chakula kinapoa.

Usiku ndiyo balaa. Nyumba zetu mnazijua, kuta hazifiki kwenye bati na kila kitu kinasikika. Kuanzia saa nane usiku namsikia anajigeuza, kitanda kinalia, halafu anaanza kuvuta uradi kwa sauti ya chini mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo baba, umeamkaje?", jibu ni lile lile: "Marahaba mwanangu, salama, alhamdulillahi."

Mimi ndiye mtoto wa mwisho na ndiye ninayekaa naye tangu mama atangulie mbele ya haki. Kaka yuko Mwanza. Ugonjwa wenyewe uko sehemu ambayo baba hawezi kuizungumza na binti yake, na simlaumu, ndivyo alivyolelewa. Kliniki ananiacha kwenye benchi anaingia peke yake, akitoka ananionyesha tarehe ya kurudi tu. Kwa hiyo sijui kama daktari ameambiwa habari ya mguu. Nahisi hajaambiwa.

Jirani ananishauri tumwite mzee mmoja wa kuchua hapa Rangi Tatu, anasifika kwa nyonga na migongo. Shangazi anasema ni uzee na baridi ya kipupwe. Duka la dawa wamenipa diklofenaki ya kutuliza maumivu, nimempa akalala kidogo. Kliniki ni mwezi ujao. Je, nisubiri? Huyo mchuaji aje? Na mwenzenu nifanye nini ili baba aseme ukweli wa maumivu yake? Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi, kumsikia mzazi anateseka ukutani na asubuhi anakwambia salama.

KakaTandika

Pole sana dada. Baba yangu alikuwa na ugonjwa huo huo, Mungu amrehemu. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mchuaji asiguse. Kwetu jamaa mmoja wa ukoo alileta mtaalamu wake, mzee akachuliwa mgongo na mbavu kwa mafuta ya moto. Siku ya pili hawezi kuvuta pumzi. Eksirei ikaonyesha ubavu umevunjika, mfupa ulikuwa umeshaliwa na ugonjwa na sisi hatujui. Mfupa ambao haujapigwa picha haukandwi.

Tarehe ya kliniki ni ya sindano tu. Haimzuii mgonjwa kwenda kabla. Beba kadi yake na majibu yote ya PSA, nenda wiki hii, sema mapokezi kwamba ana maumivu mapya.

Kuhusu kumfanya aseme: mtumie mjukuu. Kwetu watoto wote tulishindwa, aliyeweza ni mwanangu wa darasa la sita, maana babu na mjukuu wana utani wao. Alichora mtu kwenye daftari, mbele na nyuma, akampa babu yake kalamu nyekundu: "Babu, weka alama panapouma, na wewe ukidanganya mimi naoa bibi." Mzee alicheka, akaweka alama sehemu ambazo hakuwahi kututajia hata siku moja. Ile karatasi tuliikunja tukampa daktari, na ndiyo aliyoitumia kuandika picha za kupiga.

NesiMstaafu

Binti, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodi za wanaume miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitasema wazi.

Mwenye saratani ya tezi dume akipata maumivu mapya ya mfupa, tena yanayozidi usiku, yanatafutiwa sababu. Hayaitwi uzee kabla ya kupimwa. Saratani hii ikitoka kwenye tezi hupenda kwenda mifupani: uti wa mgongo, nyonga, mapaja, mbavu. PSA iliyoshuka mwaka juzi si ya leo, irudiwe. Lakini msimhukumu kabla. Sindano za homoni zikichomwa muda mrefu hupunguza nguvu ya mifupa, mzee anaweza kupata ufa bila hata kuanguka. Mkanda wa jeshi nao huanza kwa maumivu ya upande mmoja siku kadhaa kabla malengelenge hayajatoka. Na nimeona kibofu kilichojaa, au choo kilichokwama, kikimliza mtu mzima. Ndiyo maana anatakiwa ashikwe na daktari, apigwe picha.

Hilo goti usilikatae. Nyonga ikiwa na tatizo, maumivu hushuka mpaka gotini. Huenda baba yako amekwambia kweli tupu.

Diklofenaki simamisha. Kwa umri wake inachubua tumbo na kuumiza figo, na figo za mtu aliyewahi kuzibwa mkojo hazitaki mzigo mwingine. Mpe parasetamoli kwa saa zilizopangwa, usingoje alalamike. Zisizidi vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na kama amekonda apewe pungufu. Mpaka picha ipigwe, asiubebeshe uzito mguu wa kulia. Fimbo aishike mkono wa kushoto. Watu wengi wanashika upande unaouma, ni makosa.

Sasa hili lisome mara mbili. Ukiona miguu inalegea au anaiburuza, ganzi miguuni au kwenye makalio pale anapokalia, mkojo unaziba au unatoka bila kujijua, choo kinamtoka, au maumivu ya mgongo yanayozidi akilala chali na akikohoa, usingoje kukuche. Hapo inawezekana mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo inabanwa. Mpeleke emajensi usiku huo huo, na mlangoni sema: "Ana saratani ya tezi dume na miguu imeanza kulegea." Usiseme "anaumwa mgongo", atawekwa foleni. Dawa ya kuanza ipo, deksamethasoni, kisha picha ya MRI na mionzi. Anayewahi akiwa bado anatembea, mara nyingi huendelea kutembea. Miguu ikishakufa ganzi siku mbili tatu, kuirudisha ni kazi kubwa.

Kliniki usimlazimishe muingie wote. Andika karatasi: inauma wapi, imeanza lini, saa ngapi inazidi, amekunywa dawa gani. Muombe nesi aifikishe kwa daktari. Heshima ya baba inabaki palepale na habari inafika.

MamaZai

Dada, la usafiri usilidharau. Barabara za ndani za Mbagala zina matuta na mashimo, na bajaji kwa mwenye nyonga ni adhabu. Tafuteni gari ndogo, akae kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, mto chini ya paja. Parasetamoli anywe kama nusu saa kabla ya kutoka. Mkifika ulizia dirisha la wazee, asipange foleni na vijana. Na kama hana bima, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo hiyo kabla hujakata tamaa ya gharama, wazee wasio na uwezo wana utaratibu wao wa msamaha.

BintiMbagala

Mungu awalipe nyote. Nimempigia mtoto wa dada yangu wa Kigamboni, yuko kidato cha tatu, amekuja kulala kwa babu yake. Walikaa barazani na daftari, mimi nikajifanya niko na vyombo jikoni.

Baba amepaka wekundu kwenye kinena cha kulia, akateremsha mstari mbele ya paja mpaka gotini. Halafu akaongeza alama ndogo chini ya mgongo, upande huo huo. Kijana akamuuliza kwa vidole kumi usiku inafika vingapi, babu akanyoosha vinane. Mchana vinne. Na akamwambia hivi: "Usimwambie mama yako mdogo, atalia." Nimelia kweli, lakini jikoni.

Miguu ina nguvu, mkojo unapita, hakuna ganzi. Kesho asubuhi tunakwenda.

BintiMbagala

Naleta mrejesho, najua kuna wengine wanasoma wakiwa na mzee ndani.

Karatasi ilifanya kazi yote. Daktari aliisoma, akamlaza, akamshika nyonga, akazungusha mguu, ndipo baba akasema "hapo" kwa mdomo wake mwenyewe. Baadaye daktari akamuuliza kama binti anaweza kuingia kusikiliza mpango wa dawa. Baba alifikiri kidogo, akasema aingie.

Eksirei imeonyesha doa sehemu ya juu ya mfupa wa paja la kulia na jingine kwenye nyonga. PSA imepanda tena. Daktari wa mifupa ameangalia kwanza kama mfupa unaweza kuvunjika ukahitaji chuma. Akasema kwa sasa hapana, ila fimbo isimtoke mkononi. Tumepewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani, kwa ajili ya mionzi. Wamesema kwa maumivu ya mfupa dozi moja inaweza kutosha, si lazima kwenda kila siku wiki nzima. Hilo lilimpa baba nguvu maana alikuwa anawaza safari.

Kilichobaki ni dawa. Amepewa mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kila baada ya saa 4. Chupa imekaa kabatini. Baba anasema hiyo wanapewa watu wanaoagwa, na kwamba akianza kuinywa sasa, siku maumivu yakizidi hakutakuwa na dawa tena. Nimjibu nini?

NesiMstaafu

Mwambie mofini inapewa kwa kiwango cha maumivu. Haipimwi kwa siku zilizobaki. Wapo wanaoitumia miezi na miaka huku wakitembea, na wapo wanaopunguziwa mionzi ikishafanya kazi, huenda yeye akawa mmoja wao. Haiishi nguvu akiianza mapema: maumivu yakizidi, daktari anaongeza kipimo, nafasi ya kuongeza ipo. Wala si ulevi kwa mtu anayeinywa kwa saa na kwa maumivu ya kweli. Muulize kama angependa tena kusujudu, mimi ningeanzia hapo.

Siku za mwanzo atasinzia na anaweza kusikia kichefuchefu, mara nyingi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui kwenyewe, kwa hiyo aanze dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo ya kwanza, pamoja na papai na maji ya kutosha. Akisinzia mpaka haamshiki au pumzi ikawa ya taratibu mno, usimpe dozi inayofuata, mpeleke hospitali. Chupa ifungiwe mbali na watoto. Na pale Ocean Road ulizia watu wa tiba shufaa, hao kazi yao ni maumivu, utawauliza mambo haya bila haraka.

BintiMbagala

Baba ameanza kunywa. Juzi alilala mpaka adhana ikamwamsha.

Mionzi amepigwa jana, dakika chache tu. Lakini usiku wa jana nyonga imeuma kuliko wiki nzima iliyopita, kaniita mwenyewe kwa jina langu, kasema, "Mwanangu, leo imefika tisa." Ameniambia mimi, si kijana. Je, mionzi imeharibu kitu?

NesiMstaafu

Hapana. Mfupa ukipigwa mionzi maumivu yanaweza kupanda siku moja mbili tatu kabla ya kushuka, na nafuu yenyewe huchukua wiki moja mpaka wiki kadhaa, hivyo asiache mofini kwa kudhani mionzi imeshindwa. Angalia lile karatasi la dawa: wengi huandikiwa dozi ya ziada ya katikati kwa usiku kama huo. Kama haijaandikwa, piga simu kliniki leo uulize. Asipoweza kabisa kuukanyaga mguu, au ukaona umefupika au umegeukia nje, asitembezwe. Mbebeni hivyo hivyo alivyolala mpaka hospitali, na waambieni kuna doa kwenye mfupa wa paja.