Tunalipia shahada ya uzamili ya amani na usalama, tunafundishwa kana kwamba ukanda wetu haupo

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Naandika nikiwa na hasira, lakini sitasema hapa jambo ambalo siwezi kulisimamia. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya masomo ya amani na usalama, programu ya jioni, katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam ambacho sitakitaja kwa sababu tasnifu yangu bado iko mikononi mwao. Tangazo lililotuvuta lilisema tutaandaliwa kushughulikia migogoro ya Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na mwambao wa Bahari ya Hindi. Tulikopa, tukaomba ruhusa kazini, tukakubali kurudi nyumbani usiku wa manane kutoka vipindini. Tulichokikuta ni programu ambamo migogoro hiyo, pamoja na watu walioisuluhisha, haina nafasi darasani, haina nafasi kwenye mitihani, na mwanafunzi akiileta mwenyewe kama mada ya utafiti anaonekana msumbufu.

Nianze na mtaala. Sina ugomvi na Johan Galtung. Ndiye aliyeanzisha taasisi ya utafiti wa amani mjini Oslo mwaka 1959, na mwaka 1969 alipofafanua tofauti kati ya kukoma tu kwa mapigano na amani iliyojengwa juu ya haki, alitupatia chombo ambacho hadi leo kinamsaidia mtu kuielewa Pemba ya Zanzibar au Turkana ya kaskazini mwa Kenya. Lakini tumefundishwa Galtung muhula mzima bila Pemba wala Turkana kutajwa. Tumekaririshwa mkataba wa Westphalia wa mwaka 1648, tukapewa mifano ya Bosnia, Kosovo na Ireland ya Kaskazini, na kwenye mtihani tukaulizwa juu ya mifano hiyo hiyo. Hakuna aliyetueleza kwamba Januari 2001 watu waliuawa Zanzibar katika maandamano baada ya uchaguzi, wengine wakavuka bahari wakakimbilia Shimoni nchini Kenya. Kwamba Oktoba mwaka huo huo vyama vya CCM na CUF vikasaini makubaliano ya Muafaka. Kwamba Muafaka huo haukutosha, yakaja maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikapitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Mhadhiri anayetaka kuonyesha jinsi makubaliano yanavyosainiwa, yanavyolegalega na yanavyorudi kwa sura nyingine, angepata kila anachokihitaji safari moja ya boti kutoka alipo.

Hali ni hiyo hiyo kwa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za kaskazini mashariki mwa Kenya zilikuwa zinauana, na uhasama ukaingia mpaka sokoni, ambako mwanamke wa ukoo huu hakuweza kuuza wala kununua kwa amani palipokuwa na wanawake wa ukoo ule. Kundi la wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, lilianza na soko hilo: walisimamia kwamba kila mwanamke auze na anunue, kisha wakawaendea wazee, vijana na maofisa wa serikali, hadi wazee wa koo wakatia saini azimio la amani la Al Fatah mwaka 1993. Kamati za amani za wilaya, ambazo baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007 Kenya iliamua zienezwe nchi nzima, zilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi iliyoanzia pale. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007 na akafariki mwaka 2011. Kuna watu wanaomaliza programu yetu bila kulisikia jina lake hata mara moja, ilhali mchoro wa piramidi ya ujenzi wa amani wanaweza kuuchora wakiwa usingizini.

Kuna jambo moja lililotokea darasani ambalo mpaka leo linaniuma. Kipindi kilikuwa cha operesheni za ulinzi wa amani. Mhadhiri aliwasha projekta, akasoma slaidi kama zilivyo, neno kwa neno, kuanzia mgogoro wa Mfereji wa Suez wa mwaka 1956 hadi mauaji ya Srebrenica nchini Bosnia. Safu ya tatu alikuwa ameketi mwanafunzi mwenzetu, ofisa wa jeshi aliyewahi kutumikia mashariki mwa Kongo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wengi wenu mnakumbuka kwamba azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Machi 2013, liliunda kikosi maalumu cha kuingilia kati, chenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Kilikuwa kikosi cha kwanza kupewa na Baraza la Usalama ruhusa ya wazi ya kuyashambulia makundi yenye silaha badala ya kusubiri kushambuliwa. Mnakumbuka pia Desemba 2017, kambi ya Semuliki huko huko mashariki mwa Kongo iliposhambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Mwenzetu aliinua mkono, akaomba aeleze namna amri ya kushambulia ilivyobadilisha uhusiano wa walinda amani na wanavijiji wanaoishi jirani na kambi, maana raia aliyeonekana akizungumza na askari mchana aliweza kufuatwa na waasi usiku. Aliambiwa muda hautoshi, turudi kwenye slaidi. Alishusha mkono na hakuuinua tena muhula mzima. Hilo lilikuwa swali zito kuliko yote niliyoyasikia katika somo lile, nalo lilizimwa na mtu anayelipwa kufundisha somo hilo.

Halafu kuna Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa pale tangu ilipoundwa mpaka ilipofungwa Desemba 2015; ilishtaki watu 93, na Septemba 1998, katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, ikatoa hukumu ambayo kwa mara ya kwanza ilitambua ubakaji kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Nyaraka zake zimehifadhiwa huko huko Arusha, eneo la Lakilaki. Makubaliano ya Burundi yalijadiliwa Arusha chini ya Mwalimu Nyerere, akafariki Oktoba 1999, Mandela akayapokea, yakasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Vikundi vikubwa vya wapiganaji vilikuwa havijasaini siku hiyo, na ilibidi CNDD-FDD isubiriwe hadi Novemba 2003 na FNL hadi Septemba 2006. Mikataba hiyo miwili ya mwisho ilisainiwa hapa hapa Dar es Salaam. Nimeuliza kwa nini programu haina hata ziara moja ya mafunzo Arusha, nikajibiwa kwamba bajeti haipo. Nikaomba basi aalikwe hata mtu mmoja, mstaafu wa Mambo ya Nje aliyehudumu katika mazungumzo ya Burundi, na wapo mjini humu, wazee wetu ambao wakiondoka wanaondoka na kila kitu. Sikujibiwa kabisa. Jiji la Goma, mashariki mwa Kongo, lilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakakutana katika jiji hili tarehe 8 Februari, sisi wanafunzi wa amani na usalama tulikuwa tunaendelea na mada ya wiki kama ilivyopangwa, na mada hiyo haikuhusu Kongo.

Wapo watakaosema kwamba masomo ya uzamili ni kujisomea, mwanafunzi atafute mwenyewe. Tunatafuta. Tukishapata ndipo tunapozuiwa. Mwenzangu mmoja alipendekeza kuchunguza jinsi vijiji vya kando ya mto Ruvuma vinavyoishi na vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 na kuvuka mpaka hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020. Ndugu wa damu wako pande zote mbili za mto, na biashara ni moja. Mwingine alitaka kuangalia Kibiti, mkoani Pwani, ambako Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa siku moja, na kuuliza uhusiano kati ya polisi na wananchi ulijengwa upya vipi baada ya hapo. Wote wawili waliambiwa mada ni nyeti, wabadilishe. Hakuna maandishi yanayosema mada gani ni nyeti na nani anaamua. Ni neno la mdomo tu kwenye korido. Mmoja sasa anaandika juu ya Afghanistan kwa kutumia makala za intaneti. Kama chuo kinaona hatari kumpeleka mwanafunzi kwenye eneo la mgogoro, hiyo ni hoja ya haki na ina taratibu zake za maadili ya utafiti: anaweza kuhojiana na waliohama, anaweza kuficha majina na vijiji, anaweza kufanya kazi na nyaraka. Taratibu hizo tumefundishwa somo zima. Kwa nini zisitumike?

Mimi niliona nijiepushe na hayo, nikachagua wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Desemba 2000 watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, na hadi leo wilaya hiyo haijatulia. Swali langu lilikuwa juu ya baraza la ardhi la kijiji, lile lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Nilitaka kujua kwa nini baraza linaloweza kupatanisha wakulima wawili waliogombania mpaka wa shamba linashindwa ng'ombe wanapoingia kwenye mahindi. Niliohojiana nao walinieleza mambo ambayo sijayaona katika kitabu chochote cha programu yetu: kwamba mfugaji akiitwa mbele ya baraza anaowaona kwenye benchi ni majirani wa mlalamikaji, kwamba mzozo mara nyingi hauanzii kwenye hasara yenyewe bali kwenye tathmini ya fidia, nani aliyehesabu mashina yaliyoliwa na saa ngapi, na kwamba fedha ikilipwa papo hapo shambani bila karatasi, wiki mbili baadaye kuna anayedai hajalipwa, na hapo ndipo marungu yanapotoka.

Nikawasilisha sura ya nne. Msimamizi wangu alikaa nayo muda mrefu kuliko nilioutumia kukusanya data. Simu hakupokea, baruapepe hakujibu, ofisini nilikuta mlango umefungwa na foleni ya wenzangu wenye mabahasha. Nakala iliporudi, kalamu nyekundu ilikuwa imepita kwenye orodha ya yaliyomo, kwenye nafasi kati ya mistari na kwenye namba za kurasa. Kurasa za mahojiano hazikuwa na alama hata moja, na nathubutu kusema hazikusomwa. Mwishoni yaliandikwa maagizo kwamba nibadilishe nadharia, nitumie nadharia ya amani ya kidemokrasia. Nadharia hiyo, yenye mizizi katika maandiko ya Immanuel Kant ya mwaka 1795, inahusu mataifa: inadai kwamba nchi za kidemokrasia hazipigani vita zenyewe kwa zenyewe. Inisaidie nini mbele ya mzee wa Kilosa aliyepoteza ekari mbili za mahindi na kijana wa kifugaji aliyepigwa kwa ajili ya ndama? Nilipouliza, niliambiwa kwamba jopo limeizoea nadharia hiyo na kwamba nikitaka kumaliza haraka nisibishane.

Kumaliza haraka si jambo dogo, na chuo kinalijua hilo. Msimamizi akichelewesha sura, muhula unapita. Muhula ukipita, mwanafunzi analipa ada ya kuendelea. Asipolipa, jina lake linaondolewa kwenye mfumo. Kwa hiyo uzembe wa ofisi moja unalipiwa na mwanafunzi katika dirisha la ofisi nyingine ya chuo hicho hicho. Darasani kwetu kuna walimu wa sekondari, maofisa wa halmashauri, askari wa vyeo vya kawaida. Wapo walioacha wakiwa wamebakiza tasnifu tu, baada ya kulipa karibu kila kitu.

Na hao wanavijiji wa Kilosa waliokubali kukaa nami chini ya mwembe, wakasimulia waliyoyaona Desemba ile, niliwaahidi kwamba nakala itarudi kwenye ofisi ya kijiji. Mwenyekiti amenipigia kuuliza iko wapi. Nimwambie imekwama kwa sababu ya Kant?

Tumeandika barua kwa kurugenzi ya masomo ya uzamili, nakala kwa Tume ya Vyuo Vikuu. Tunadai msimamizi apewe muda wa mwisho wa kurudisha sura, na akiupitisha mwanafunzi asitozwe ada ya muhula uliopotea. Tunadai orodha ya mada zinazokataliwa iwe ya maandishi, yenye sababu na njia ya kukata rufaa. Tunadai pia kwamba nusu ya mifano ya kila somo itoke Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, na kwamba wenye uzoefu, wakiwemo wanafunzi wenyewe, wapewe nafasi ya kuzungumza darasani kwa ratiba inayojulikana.

Mliosoma programu ya namna hii Nairobi, Kampala, Bujumbura, Dodoma au kwingineko, naomba mweleze hapa chini: msimamizi wenu alipewa muda gani kurudisha sura, nani alilipia ucheleweshaji, na mada ipi mlikataliwa kwa neno la mdomo. Msitaje majina ya watu wala vyuo. Majibu yenu nitayaambatanisha kwenye barua kabla hatujaipeleka.