Gari la petroli lisilokunywa mafuta, Mtwapa hadi mjini: nichukue lipi?

Mkaazi wa Mtwapa
Salaam aleikum. Natafuta gari dogo la petroli kwenye yadi za hapa Mombasa. Njia yangu ni Mtwapa hadi Moi Avenue, siku sita kwa wiki, na asubuhi kuna foleni ya daraja la Nyali. AC haizimwi, na mara nyingi tuko wanne. Jumla ni kama kilomita 1,200 kwa mwezi. Nalenga Vitz ya injini ya lita 1.0, Demio ya 1.3, Note ya 1.2 na Aqua, ile haibridi ya petroli na umeme. Watu waniambia injini ndogo ndiyo inayokula kidogo. Ni kweli?

Fundi Jomvu
Wa aleikum salaam. Ni kweli gari likiwa tupu. Vitz ya 1.0 ina silinda tatu, cc 996. Itie watu wanne na AC, utaikanyaga njia nzima ndipo iende, na faida yote imekwisha. Demio ya kuanzia 2014 ina cc 1,298 na giaboksi ya gia sita, si CVT, ile ya mkanda isiyo na gia. Kwa mzigo wako, mimi naipa Demio mbele.

Zile kilomita kwa lita za matangazo ya Japani usizitegemee. Demio iliandikwa 24.6 na Aqua 37.0 kwa kipimo cha JC08, kilichokuwa kikifanywa maabara na AC imezimwa.

Dereva Kisauni
Kabla ya kulipia haibridi, piga hesabu ndugu yangu. Kilomita 1,200 kwa gari la kilomita 12 kwa lita ni lita 100. Kwa gari la 18 ni lita 67. Hizo lita 33 zidisha kwa bei ya petroli ya mwezi huu ya EPRA, mamlaka ya nishati, ujue nyongeza ya bei ya Aqua itarudi kwa miezi mingapi. Na angalia hili: kutoka 10 kufika 12 unaokoa lita 20, lakini kutoka 18 kufika 22 ni lita 12 tu. Kuponya gari linalokunywa kuna faida kubwa kuliko kusaka bingwa.

Hata hivyo foleni ndiko Aqua inakofaidi. Kompresa ya AC inazungushwa na umeme, kwa hivyo injini huzimika na baridi ikaendelea mpaka chaji ya betri ishuke. Betri iko chini ya kiti cha nyuma na feni yake huvuta hewa ya humo ndani. Tundu la hewa likizibwa na vumbi au mkoba, betri hupata moto na kufa mapema. Fungua kifuniko chake utazame kichujio kabla hujatoa hata shilingi.

Mkaazi wa Mtwapa
Shukran sana. Na Note je? Na nitajuaje gari la yadi lina maradhi ya kula mafuta?

Fundi Jomvu
Note ni CVT. Iendeshe dakika 20 ipate moto, kisha nenda polepole kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Ikitetemeka, au injini ikilia na mwendo usiongezeke, iache. Huenda mtu alitia ATF, oili ya giaboksi ya kawaida, mahali pa NS-3, oili ya CVT, na mkanda wa ndani unateleza.

Gari lolote, chunguza thamostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Huku kwetu kuna mafundi wanaoing'oa wakidhani wanaiponya injini na joto. Injini hubaki baridi, na kompyuta ikazidi kumimina petroli kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Tazama taa ya buluu kwenye dashibodi: ikikawia kuzimika, au ikirudi ukiwa njiani, thamostati haipo au imekwama wazi. Ukiwa na mashine ya kusoma kompyuta, joto la maji litulie kati ya nyuzi 80 na 95.

Halafu chumvi ya bahari. Pini za kalipa, ile inayobana pedi za breki, hushika kutu na breki haiachii vizuri. Ukishaegesha, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, ulinganishe kushoto na kulia. Upande uliozidi moto ndio unaoburura.

Dereva Kisauni
Na ukishanunua, usiamini kipimo cha dashibodi. Jaza mpaka nozeli ijikate yenyewe, andika kilomita. Ukishakwenda 300 hivi, jaza tena pampu ileile, ukome inapojikata. Kilomita 336 kwa lita 24 ni 14. Rudia mara tatu, kwa sababu tangi moja hudanganya: gari likisimama kwa mteremko kidogo tu, lita moja au mbili hupotea kwenye hesabu.