Dawa ya mchaniko wa njia ya haja kubwa inanipasua kichwa. Niende tu kukatwa?

Lori_la_Dom:
Habari za jioni wakuu. Naendesha lori Dodoma–Singida, kutwa nimekaa. Tangu mvua zikatike, nikienda haja kubwa ni kama napitisha vipande vya chupa, kisha panawaka mpaka mchana. Damu nyekundu kidogo kwenye tishu. Nimemaliza dawa za bawasiri, hadi za kuchemsha, wapi! Daktari kanicheki, kasema siyo bawasiri, ni mchaniko sugu maana umepita wiki 6. Kanipa laktulosi ya kulainisha choo na nitroglisirini ya kupaka mara 2 kwa siku. Maumivu yalipungua, ila nikipaka tu kichwa kinagonga, usukani haushikiki. Nimeiacha. Fundi wangu anasema nikakatwe kwa upasuaji yaishe. Mliopitia hii mnasemaje? Utani kaeni nao.

Mfamasia_mstaafu:
Pole mkuu. Dawa hiyo inatanua mishipa ya damu ili msuli wa pale ulegee na kidonda kipate damu ya kukiponya. Ya kichwani nayo inatanuka, ndiyo hicho kichwa. Mwambie daktari akubadilishie, ipo diltiazemu ya kupaka ya 2%, kichwa hakisumbui sana, ingawa wengine huwashwa. Yoyote utakayopewa, paka wiki 6 hadi 8 hata kama maumivu yameisha. Na nitroglisirini usiichanganye na vidonge vya nguvu za kiume, presha itakuangusha. Naijua barabara hiyo na vituo vyake, ndiyo maana nasema.

Mama Uwele:
Mwanangu, unakula nini njiani? Chipsi na nyama choma Manyoni, maji hunywi usije ukasimama kuchimba dawa. Na joto hili! Choo kitalainika kwa lipi? Kula ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, matunda, anza kidogo kidogo usijae gesi. Maji usipoongeza, makapi ya vyakula hivyo yatakufunga choo zaidi. Haja ikibana, paki gari. Ukitoka chooni kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, maji matupu, usitie dawa ya kuulia vijidudu.

Nilikatwa:
Mimi dawa zote ziligoma, wakakata sehemu ndogo ya msuli wa ndani, nikapona. Lakini kuna wachache wanaobaki hawawezi kuzuia ushuzi, ndiyo maana dawa hutangulia. Mchaniko wako uko upande gani? Ukiwa pembeni, au unakonda, au una homa, waombe wakupime zaidi, TB na VVU vikiwemo.

Lori_la_Dom:
Alisema uko nyuma, katikati. Mwili uko vilevile. Keshokutwa sina safari, narudi kwa daktari nikaulizie hiyo diltiazemu. Mama, uwele nitapata, mlenda njiani nautoa wapi?

Mama Uwele:
Mkavu upo sokoni Majengo. Funga kwenye mfuko, mama ntilie yeyote atakupikia.